Tangu niwawekee watoto okestra, bibi yao amekata hadithi

Shangazi, shikamoo.

Naishi Uyole, Mbeya, na nina watoto wawili. Kwetu ni Iringa, nimeolewa kwa Wanyakyusa wa Tukuyu. Mume wangu anaendesha malori ya Zambia na Kongo. Akija nyumbani anakaa siku mbili tatu, akiondoka hujui foleni ya Tunduma itamla siku ngapi. Mimi nina duka dogo la dawa muhimu. Binti yangu yuko darasa la nne, mdogo wake wa kiume yuko darasa la awali. Mama mkwe alihamia kwetu mwaka jana baada ya baba mkwe kufariki, maana kule kijijini alibaki peke yake na migomba na mvua.

Nilipokuwa sekondari tulikuwa na mwalimu mwenye kaseti moja ya hadithi inayosimuliwa na okestra. Inaitwa Petro na Mbwamwitu, ya Mrusi Sergei Prokofiev. Kila mhusika ana chombo chake. Petro ni vayolini na wenzake wa nyuzi, ndege ni fluti, bata ni obo, paka ni klarineti, babu ni basuni yenye sauti nzito ya kukoroma, mbwamwitu ni horni tatu, na wawindaji wakifyatua bunduki unasikia ngoma kubwa. Msimulizi anasema kidogo, vyombo vinaendeleza. Mvua ikitufungia bwenini, mwalimu alikuwa anatuwekea. Mimi niliyekulia kwenye kwaya sikuwa najua kama muziki usio na maneno unaweza kumweka mtu roho juu namna ile.

Basi mwaka huu baridi ya Juni ilipoanza, watoto wakawa wanaingia ndani mapema, nikaitafuta kwenye simu, nikaunganisha na spika. Msimulizi anaongea Kiingereza, kwa hiyo nasimamisha, nasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, naachia tena. Mbwamwitu nimemgeuza fisi. Shangazi, ungewaona! Binti akisikia obo hata akiwa jikoni anapaza sauti, "Bata huyo, ameingia bwawani!" Mdogo anatembea kwa ncha za vidole, eti yeye paka. Na babu akitokea na basuni yake, wote wawili wanainama, mkono mgongoni, wanaburuza miguu huku wananung'unika, tunacheka mpaka machozi.

Sasa kero zimeanza. Jioni moja tulifika pale babu anapomgombeza Petro kwa kutoka nje ya geti, na Petro haoni cha kuogopa. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni anachambua maharage. Akasema, "Hadithi gani hii? Mtoto anamkaidi babu yake, halafu mwisho ndiye anapigiwa makofi?" Akasukuma ungo, akajifunika kitenge chake, akaingia chumbani.

Kabla ya hapo, baada ya chakula yeye ndiye alikuwa anawasimulia, pale jiko la mkaa linapopoa. Kinyakyusa kingi, Kiswahili kidogo, nyimbo katikati, watoto wanaitikia. Mimi kusema kweli nusu yake sielewi, kwa hiyo muda ule nilikuwa nautumia kupiga hesabu za duka. Siku hizi akimaliza kula ananawa, anasema, "Haya, wawekeeni wazungu wenu," anakwenda kulala. Juzi mdogo alimfuata akamwomba hadithi. Akamjibu, "Mwambie mama yako awashe spika." Maneno yale yalinichoma.

Kero ya pili ni mdogo mwenyewe. Fisi akimmeza bata, analia. Usiku anashtuka, anauliza kama bata bado yumo tumboni. Nimejaribu kuruka kipande kile, dada yake anapiga kelele, "Mama umeruka!" Na huyo dada mtu naye anataka kupiga chombo cha fisi. Sio cha Petro, sio cha ndege, cha fisi. Nilimweleza baba yake kwenye simu, akacheka, "Mtoto wa kike apulize matarumbeta?" Kisha akaongeza kwamba namaliza bando kwa kelele zisizo na maneno wakati mtoto hisabati zinamshinda.

Mimi nilisoma mahali kwamba muziki huu unafungua akili za watoto. Na sitaki wanangu wawe washamba, wasijue kitu kingine zaidi ya singeli za kwenye bajaji. Je, niache? Niendelee na huku mama amenuna? Au nimwombe radhi, na kama ni radhi, ni kwa kosa gani? Nisaidie, Shangazi.

Mama wa Wawili, Uyole

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu. Poleni na baridi ya huko, na hongera kwa kukaa chini na watoto ukawasimulia kwa mdomo wako. Ungeweza kuwaachia simu ukaenda zako.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Umeniletea mambo matatu, ila naona mzigo mzito uko kwenye moja. Kulia kwa mdogo kutapita, na horni ya binti tutaizungumza. Kilichokufanya ushike kalamu ni lile jibu alilopewa mtoto, "mwambie mama yako awashe spika". Umelisikia kama kofi, na pengine lilikuwa kofi. Unajiuliza limetoka wapi, maana machoni pako hukufanya baya lolote.

Nami sisemi ulifanya baya. Nakuomba tu tuirudie ile jioni taratibu.

Umeniandikia kila chombo na mhusika wake, mpaka horni ni ngapi. Ukafika kwenye hadithi za mama mkwe, ukaniambia nusu yake huelewi, ukaendelea mbele. Je, unamjua hata mhusika mmoja wa hadithi hizo? Huo wimbo ambao watoto wanaitikia unasema nini? Siulizi kukusuta. Nauliza kwa sababu mama naye anakaa sebuleni anasikia vyombo asivyovielewa, anaona watoto wanafurahi, haelewi wanafurahia nini. Mko wawili katika nyumba moja, kila mmoja anausikia muziki wa mwenzake kama kelele. Yeye amelisema waziwazi. Wewe ulichukua daftari la duka.

Kisha ule muda. Kulingana na maelezo yako, baada ya chakula palikuwa pake. Mwanamke aliyeacha nyumba yake, shamba lake na kaburi la mumewe Tukuyu, akaja kukaa kwa mwanawe ambaye mwenyewe yuko barabarani, ana nini hasa katika nyumba hiyo ambacho ni chake? Jiko ni lako, duka ni lako. Huenda ile saa moja ya usiku ndiyo ilikuwa yake. Okestra ingekuja Jumamosi mchana labda angechambua maharage yake akacheka na wajukuu. Nasema labda. Mimi siko hapo, wewe uko, na unamfahamu kuliko mimi.

Kuna jambo lingine ambalo nimelisita kidogo, ila nitalisema. Watoto wanapoinama, mkono mgongoni, wakaburuza miguu na kunung'unika kama babu, mama mkwe anamwona babu yupi? Mumewe hana hata miaka miwili kaburini. Watoto hawana hatia, wanaigiza basuni, na Prokofiev kweli aliiandika ile sauti ichekeshe. Lakini ukiwa mjane, ukaona wajukuu wanaiga mzee anayelalamika na mkwe wako anacheka mpaka machozi, unaweza kuinuka na kitenge chako bila kueleza kwa nini. Hilo la "mtoto anamkaidi babu yake" pengine ndilo alilopata kulisema, na lenyewe likawa linabeba lingine. Au pengine alimaanisha hilo hilo tu. Wazee wengine husema wanachomaanisha.

Na tukilichukua kama lilivyo, mama ana hoja. Katika ngano zetu nyingi mtoto akikaidi mkubwa, kuna kitu kinamsubiri porini. Hapa Petro anafungiwa ndani, anachukua kamba, anapanda ukuta, anamnasa fisi mkia, na mwisho anatembea mbele ya msafara wa ushindi. Mtu aliyelelewa na ngano za kwetu lazima ashtuke. Lakini isikilize tena ile sehemu ya mwisho. Katika msafara ule babu naye yumo, anatikisa kichwa, anauliza: je, kama Petro asingemkamata, ingekuwaje? Prokofiev ameliacha swali hilo hivyohivyo, Petro hapewi nafasi ya kulijibu. Mtu anayejua hadithi zinazolijibu mnaye nyumbani.

Unaweza siku moja kumpelekea swali hilo, si mbele ya spika, mkiwa mnamenya ndizi: "Mama, kwenye ile hadithi babu anauliza hivi. Kwenu huwa inakuwaje?" Hatari yake ni kwamba atajibu kwa mkato, au atakuona unamtega. Na akianza kusimulia huku wewe unaangalia saa, heri usingeuliza.

Wazo lingine, ambalo nahisi limeshakupitia, ni kumwomba yeye awe msimulizi. Hadithi hii haina msimulizi wa kudumu, na kila anayeisimulia anaileta kwa sauti yake. Mwaka 1950 ilisimuliwa na Eleanor Roosevelt pamoja na okestra ya Boston, akiwa mjane wa rais wa Marekani na bibi mwenye wajukuu tele. Mwaka 1978 ikasimuliwa na David Bowie, mwanamuziki wa roki, na okestra ya Philadelphia. Hakuna kinachozuia isimuliwe kwa Kinyakyusa Uyole. Fikiria lakini kama wewe mwenyewe uko tayari kwa hilo. Atabadilisha maneno. Huenda Petro akala viboko kabla ya msafara! Utakuwa umekaa hapo huelewi nusu, na safari hii hakuna daftari la duka. Tena mama anaweza kukataa, akaona unampa kibarua kwenye sherehe ya mtu mwingine. Kumwomba asimulie hadithi yako ni kitu kimoja, na kumwomba asimulie yake ukakaa kuisikiliza ni kingine. Hicho cha pili hakihitaji spika wala bando.

Njia nyepesi kuliko zote ni kumrudishia muda wake kimyakimya, okestra ikahamia mchana wa mwishoni mwa wiki. Naiona ina busara, ila nayo ina miiba. Watoto watanung'unika mbele yake, naye ataona amepewa zamu kwa huruma. Kumtuma mume wako aongee na mama yake pia inawezekana, kwani ni mama yake. Ila mtu aliye foleni ya Tunduma, anayezungumza kwa simu inayokatika, anaweza kugeuza kidonda kidogo kuwa kesi ya ukoo.

Kuhusu radhi, umeniuliza ni kwa kosa gani. Kwetu mtu huomba radhi hata bila kosa, ili mlango ufunguke, na hakuna atakayekucheka. Angalia tu radhi yenyewe isiwe ya kumaliza maneno. "Mama nisamehe kama nimekukosea," naye anasema yameisha, kumbe hamjazungumza lolote. Ukisema kitu unachokijua kwa jina lake, kwa mfano kwamba umekumbuka jinsi watoto wanavyomwigiza babu, itakuwa ngumu zaidi kutamka. Wewe ndiye utakayejua kama wakati wake umefika.

Sasa hilo la kufungua akili. Limesambaa sana, na chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliandika katika jarida la Nature kwamba wanafunzi waliosikiliza sonata ya Mozart kwa dakika 10 walifanya vizuri zaidi katika maswali ya kufikiria maumbo. Walikuwa wanafunzi wa chuo 36, hapakuwa na mtoto hata mmoja, na faida yenyewe ilidumu dakika 10 hadi 15. Habari ikakua njiani. Mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, akaomba fedha kwenye bajeti ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa klasiki aende nao nyumbani. Kwa hiyo ukimtetea Prokofiev mbele ya mume wako kwa hoja ya hisabati, utashindwa kwenye matokeo ya Desemba. Hoja uliyonayo mwenyewe ni nzuri zaidi: kwamba ulipokuwa bwenini kitu hiki kilikuweka roho juu, na unataka wanao wakionje. Mume wako amewahi kukusikia ukisema hivyo?

Na ushamba, mwanangu. Hapo nimetabasamu. Singeli nayo ni kazi ya watu, na watoto wako hawatapungukiwa kwa kuicheza. Nilichotaka kukuonyesha ni kingine. Umeshangaa jinsi binti anavyomtambua bata kwa sauti tu, akiwa jikoni. Alijifunzia wapi? Katika ngano za bibi, mhusika akitokea wimbo wake unatokea, akirudi wimbo unarudi, na watoto wanatakiwa waudake kabla bibi hajamaliza mstari. Prokofiev alipoandikia watoto wa Moscow mwaka 1936, kwa ombi la Natalya Sats aliyeongoza ukumbi wao wa maigizo, alitumia njia hiyohiyo ya kumpa kila mhusika sauti yake ya kurudia. Yawezekana masikio uliyoyakuta tayari yalikuwa yamefunguliwa na mtu mwingine, kwenye jiko la mkaa, wakati wewe unapiga hesabu. Sina uthibitisho, ni dhana yangu. Ila mama mkwe angeisikia kutoka kinywani mwako, sidhani angeichukia.

Tuje kwa mdogo. Kulia kwake kunaonyesha anasikiliza, maana baada ya bata kumezwa ile obo inarudi na simanzi, hata mimi huwa nasogea kwenye kiti. Kuruka kipande kunamwambia kwamba huko ndani kuna kitu kibaya kuliko alivyodhani. Unaweza badala yake kumwambia mapema, mchana, kwamba bata atamezwa na kwamba mwisho kabisa obo yake itasikika tena, kwa sababu fisi alimmeza kwa haraka akiwa mzima. Nakuonya hata hivyo: kuna watoto ambao bata mzima ndani ya tumbo la giza anawatisha kuliko bata aliyekufa, na swali lake la usiku linanifanya nidhani wako ni mmoja wao. Prokofiev mwenyewe alielekeza kwamba kabla ya onyesho watoto waonyeshwe vyombo na wasikilizishwe sauti ya kila mhusika, bila hadithi. Rudi hapo naye kwa muda. Mkae tu na obo, aicheze, aiite, aifukuze, bila fisi.

Au mpumzishe na hadithi yenyewe, umwekee Sherehe ya Wanyama ya Mfaransa Camille Saint-Saëns, ya mwaka 1886. Ni vipande 14 vifupi na hakuna anayeliwa. Tembo anacheza na besi kubwa, nzito kama gunia la viazi. Kobe anachezewa muziki maarufu wa dansi ya kasi ya Offenbach, ila umepunguzwa mwendo mpaka unataka kumsukuma. Batamaji, yule mweupe mwenye shingo ndefu, anaogelea kwenye selo, ndugu mkubwa wa vayolini. Saint-Saëns aliona ni mzaha usiolingana na heshima yake, akazuia usichapishwe akiwa hai isipokuwa hicho kipande cha selo, na wote ukatoka mwaka 1922, baada ya kifo chake. Hauhitaji msimulizi. Ukitaka, kila mtu nyumbani anaweza kusema mnyama wake anafanya nini, bibi akiwemo, akipenda. Usiku kukiendelea kuwa kubaya kwa mtoto, acheni fisi apumzike hata mpaka mwakani.

Binti anayetaka horni ya fisi amenifurahisha. Muulize kwanza kama anataka kile chombo au anataka kuwa fisi, kwa sababu la pili linatimizwa na blanketi kuukuu. Ikiwa ni chombo, horni yenyewe sitegemei uipate Mbeya kwa urahisi, lakini ndugu zake unawasikia kila sikukuu. Moravian wamekuwa Rungwe tangu 1891 na matarumbeta ni sehemu ya ibada yao, na Walutheri wa nyanda zetu hizi nao wana vikundi. Trampeti na tromboni hupulizwa kwa midomo inayotetemeka kwenye kikombe cha chuma, kama horni. Nenda naye mazoezini akakae asikilize kabla ya kuahidi chochote. Uliza kama wanapokea watoto wa umri wake na wasichana, na kama vyombo ni vya kikundi, ili mume wako asianze kuhesabu pesa kabla hajasikia habari yenyewe. Mtazame pia mdomoni: walimu wengi hupenda meno ya mbele ya utu uzima yawe yameshaota vizuri, na wa darasa la nne kwa kawaida amefika hapo. Na kama baada ya Jumamosi mbili tatu atakuwa haamki kwenda, hilo nalo utakuwa umelijua kabla hamjanunua kitu.